Kadi za Hamburg

Mimi Séverin nanyoa mabaharia hapa Point, Durban. Mama kule Bukavu anajua naishi Hamburg. Niliona aibu kusema nilikwama njiani. Basi mabaharia wa meli za Hamburg nawanyoa bure. Wananiletea kadi zenye picha za bandari yao, naandika, wao wanazitia posta wakirudi. Ile ya mnara wa kanisa niliandika: “Mama, hapa napita kila asubuhi.” Mjinga mimi!

Jumapili nikampigia. Alikuwa anacheka.

“Mdogo wako Doudou alijificha melini, tulitaka kukushangaza. Amenipigia, amefika Hamburg! Siku ya nne leo anasimama chini ya ule mnara na baridi yote hiyo, anangoja upite.”