Hatua ya Ngeleka

Mwaka wa themanini na mbili Asani alishuka Tenke kwa treni ya kutoka Kolwezi, kimono chake ndani ya gunia la sukari, mkanda mweusi kiunoni chini ya shati, maana kwenye treni ile vitu vilikuwa vinapotea, usiniulize. Alikuwa fundi wa malori ya baba yake, watu wa Maniema hao, lakini kwenye karate hakuna aliyemchezea. Klabu ya Tenke ilimwita afundishe siku tatu.

Klabu yenyewe ilikuwa ya rafiki yake Ngeleka, aliyefariki kwa malaria miezi saba nyuma. Mara mbili Ngeleka alipeleka wanafunzi Likasi kwenye mtihani wa mikanda, mara mbili wakaanguka wote. Wakianguka mara ya tatu, ligi inafunga klabu. Mtihani ulikuwa Jumamosi.

"Citoyen Maître, karibu," alisema Muamba, mwanafunzi mkubwa, maana siku zile sote tuliitana hivyo, "raia" kwa Kifaransa. Akawapanga wenzake ishirini katika ukumbi wa parokia, wakaanza kata, yale mapigo na hatua zinazofuatana bila adui mbele yako.

Asani akashika mdomo. Mikono ilikuwa safi kabisa. Lakini kila mmoja, akipiga hatua ya kulia, aliuzungusha mguu kwa nje, goti limekakamaa, kisigino kikachelewa kutua. Wote ishirini na moja! Mama wee! Ngeleka alivunjwa goti na pikipiki mwaka wa sabini na tano, likapona vibaya. Alifundisha alivyoweza, nao wakamwiga mwalimu, kilema na vyote. Majaji waliandika tu "hatua mbaya". Na Ngeleka, masikini, hakujua kuwa ni yeye. Au alijua, akanyamaza. Asani hakutaka kufikiri sana upande huo.

"Nani aliwaambia muzungushe mguu hivyo?"

"Njo kata, Maître," Muamba alijibu, yaani ndivyo kata ilivyo, akilishangaa swali.

Mchana Mama Tshibola, mjane wa Ngeleka, akamletea bukari, ndio ugali wa kule, na sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi.

"Tata Asani, unaona vile banatembea? Sawa yeye kabisa. Mi nakuja hapa kila siku juu ya ile tu. Kule kwa kaburi sioni kitu."

Asani akalirudisha tonge sahanini. Angefanyaje? Kuuacha mguu ule ni kuiua klabu aliyoijenga marehemu. Kuunyoosha ni kumnyang'anya mjane kitu cha mwisho. Hakumwambia kuwa ataunyoosha. Uoga, ndiyo, niseme nini? Akala, akanawa, akarudi kufundisha.

Alipanga matofali upande wa kulia wa kila mwanafunzi. Mguu ukienda nje, unagonga, na kugonga tofali kunauma, jamani. Siku ya kwanza vidole vilivimba. Siku ya pili magoti yakaanza kupinda. Siku ya tatu jioni akayaondoa matofali, wakapiga kata toka mwanzo hadi mwisho, miguu ishirini na moja ikatua pamoja, pa! Wakarukaruka, wakakumbatiana.

Mama Tshibola hakupiga makofi. Alikuwa bado anatazama sakafu.

"Nimeelewa, tata," alisema. "Batashinda, na klabu ya bwana yangu itabakia. Aksanti. Lakini bafanye mara moja tu vile vya zamani, nimuage."

Asani akamwita Muamba, akamwambia apige hatua kama alivyofundishwa na Ngeleka. Muamba akasimama, akafikiri kwanza. Akakakamaza goti, akauzungusha mguu, akaburuta kisigino. Wenzake wawili wakaangua kicheko, maana ilikuwa kama mtu anamwiga kilema sokoni. Muamba akatahayari, akarudia, ikatoka vibaya zaidi.

"Acha, mwana," Mama Tshibola alisema polepole. "Haiko yeye."

Akakusanya sahani zake, akatoka. Asani alimfuata hadi mlangoni amwombe radhi. Akalia pale pale mbele ya wanafunzi wake wa siku tatu.