Anayetafuta Mlango na Anayetafuta Milango

Mtambo wa kutafutia vitu mtandaoni haukujui. Unasoma ulichoandika, kisha unabahatisha unachotaka. Mie hilo nililigundua Manzese, kwenye banda la fundi seremala aliyenipokea nikiwa nimechoka kuhamahama. Shule niliiacha mapema. Kuulizauliza sijaacha mpaka leo.

Fundi, mtu wa kusini, alikuwa amepungukiwa wateja. Alisema mwezi ukiisha bila oda atafunga banda, akaajiriwe kwenye karakana ya watu. Nikamtengenezea ukurasa mtandaoni.

"Andika milango," aliniagiza. "Ukiandika mlango watadhani tumebakiwa na mmoja."

Nikaandika milango. Kimya. Basi nikashika simu nikatafuta kama mteja. Kwa "milango ya mbao" yalikuja maduka makubwa, picha juu ya picha, sie hatuonekani. Kwa "mlango wa mbao" majibu yakageuka: vipimo, bei, watu wanaulizana fundi yuko wapi. Wauzaji walikuwa wa kuhesabika.

Ni nani huyo anayetafuta mmoja? Nilimjua, nimeshalala kwenye nyumba zake. Huku kwetu mtu hujenga kidogo kidogo. Akishaezeka kule Kibamba, anaweka mlango wa mbele na kuhamia, aachane na kodi. Vyumbani yananing'inia mapazia mpaka Mungu ajalie. Anayeandika milango bado anatazama mitindo. Anayeandika mlango ameshafunga mizigo.

"Naongeza ukurasa," nikamwambia fundi. "Mlango mmoja wa mbele, tunakuja kupima na kufunga."

"Wewe kijana utanifanya nichekwe. Fundi wa mlango mmoja!"

"Waache wacheke, wewe piga randa."

Wiki haikuisha, dada mmoja akapiga simu kutoka Kibamba. "Samahani, kweli mnakuja kwa mlango mmoja? Wenzenu wananiambia nisubiri niwe na kazi ya maana."

Fundi akanipokonya simu. "Tunakuja, dada."

Siku ya kufunga tulikuta magodoro na ndoo zake viko uani, vinasubiri. Fundi alipokuwa akikaza bawaba simu yangu ililia tena, mtu mwingine, naye anataka mmoja. Nikamwonyesha fundi kidole kimoja. Akatikisa kichwa huku anacheka.

Yule dada alifungua, akafunga, akafungua tena. "Na milango ya ndani je, fundi?"

"Weka mapazia kwanza. Ukiwa tayari, hata mwakani, njoo Manzese. Utanikuta."