Paka Aliyehamia kwa Bi Mkasi

Nilipokuwa mtoto, kwetu kisiwani, Kiuyu, paka alisikilizwa kuliko sheha, mkuu wa mtaa. Akijipangusa uso kizingitini, mgeni yu njiani, na mama aliongeza mchele chunguni bila kuuliza ni nani. Lakini ishara iliyoogopwa kuliko zote ni ya paka aliyezaa kuwahamisha wanawe kwenda nyumba nyingine. Bibi yangu, Bi Riziki, aliyemzaa baba na ambaye nililala naye kitanda kimoja, alikuwa na kauli yake juu ya jambo hilo: "Paka akihama na wanawe, mwenye kitanda naye akunje nkeka wake." Leo naweza kuicheka kauli hiyo, na ninao uhai wa kuichekea kwa sababu Bibi aliifuata.

Paka wetu aliitwa Nunu, wa kijivu, mkia nusu. Alikuwa paka wa Bibi hasa, kwa sababu alilala ndani ya kapu lake la ukindu, majani ya kusukia mikeka, juu ya kazi. Bibi akitaka ukindu alichomoa chane moja moja kutoka chini ya tumbo la Nunu, akilalamika kwamba ameolewa na paka, na Nunu hafumbui hata jicho.

Kazi yenyewe haikuwa ya Bibi peke yake. Kila mwaka alishirikiana kusuka mkeka mmoja na jirani yetu, Bi Mkasi, rafiki yake tangu usichana. Bibi alisuka ukili mweupe, utepe mrefu wa kushonwa kuwa mkeka. Bi Mkasi alichemsha ukindu wake kwenye rangi, akasuka ukili mwekundu na wa zambarau. Ramadhani ikikaribia walikaa pamoja wakaushona, mweupe kwa wa rangi, hadi mkeka ukakamilika. Tukautandika uani, katikati ya nyumba mbili, na nyumba zote mbili tulifuturu juu yake. Sisi watoto tulipigania kukaa kwenye zambarau.

Kisha vikaja vyama vingi. Sitaki kueleza nani alikuwa na haki, maana wanaojua hilo ni wengi mno kisiwani kwetu na bado hawajakubaliana. Nasema tu niliyoyaona. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, hata misiba. Baba alitundika bendera yake, na Hamadi, mwana wa Bi Mkasi, akatundika yake. Walikuwa wakichuma karafuu mti mmoja, huyu juu huyu chini, na sasa walipishana njiani kimya. Kila mmoja akamkataza mama yake kwenda upande wa pili. Wazee wale hawakuwa wamegombana kwa lolote, ila hawakutaka kuwaaibisha watoto wao mbele za watu. Ukili mweupe ukabaki kwetu umekunjwa, wa rangi ukabaki kwao.

"Bibi, weye wa chama gani?" nilimuuliza.

"Mie sina chama. Nna ukili, na nusu yake iko kwa watu."

Mwaka huo Ramadhani ilikuwa ije muda mfupi tu baada ya masika kuanza. Kabla ya mvua kila mtu kwetu hukandika kuta na kutia viraka vya makuti paani, na kazi hiyo hufanywa kwa kusaidiana. Udongo mzuri wa kukandikia ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Mkasi, na miaka yote tulichota huko. Safari hii Baba alisema hakanyagi huko. Akachukua jembe, akachimba udongo ubavuni mwa nyumba yetu wenyewe, chini ya ukuta wa chumba changu na Bibi.

Bibi alisimama akamtazama. "Mwanangu, wafukua nguzo."

"Nguzo hizi kasimamisha marehemu baba, Mama. Haziendi popote."

Bibi hakubishana. Aliwahi kuniambia kwamba mwanamume mwenye bendera paani hana masikio, ana upepo.

Wakati huo Nunu alikuwa amezaa, watoto watatu, ndani ya kapu kama kawaida yake. Adhuhuri moja nilirudi kutoka chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, juzuu kwapani, nikaenda moja kwa moja kuwatazama. Kapu lilikuwa tupu. Nikatoka uani mbio, nikamwona Nunu anavuka, mtoto wa mwisho ananing'inia mdomoni, anaelekea kwa Bi Mkasi. Akaingia mlango wa jikoni bila hodi. Nililia, maana niliamini nimewapoteza kabisa: kwa Bi Mkasi hatukuwa tukienda tena, na Nunu wetu amekuwa wao.

Nikakimbia kumfuata. Bibi akanidaka mkono.

"Wenda wapi?"

"Kuwachukua watoto wa Nunu."

"Waache. Paka kashasema."

Akaingia chumbani, akatoka na mkeka wake wa kulalia, mto, na ule ukili mweupe begani. Baba alikuwa ukutani, udongo umemjaa hadi viwiko.

"Mama, na mto huo wapi?"

"Nakwenda alikohamia paka."

"Kwa Hamadi?"

"Mie simfuati Hamadi, namfuata paka."

"Watu watasemaje, Mama?"

"Watasema Bi Riziki kakimbia nyumba kwa ajili ya paka. Na weye waambie mama'ko mzee, akili zishapungua." Akanishika mkono tukavuka uwanja, mchana kweupe, chini ya bendera zote mbili.

Bi Mkasi alikuwa mlangoni. "Karibu, Bi Riziki. Wajukuu zako washatangulia," akasema, na nyuma yake niliwaona watoto wa Nunu ndani ya kapu la ukili wa rangi. Hawakukumbatiana wala hawakutoa machozi. Bi Mkasi alileta sindano mbili, wakakaa chini, wakaanza kushona. Hamadi aliporudi jioni alisimama akatutazama, kisha akainama akambusu Bibi mkono na kuuliza kama tumekula.

Mvua ya kwanza ya masika ilishuka usiku uleule, kabla ya alfajiri. Bibi alikuwa ameshasali, mimi bado nimelala, kishindo kizito kilipotikisa ukuta wa Bi Mkasi. Tulitoka. Ubavu mzima wa chumba chetu ulikuwa umelala ndani, mawe, fito na udongo mbichi, juu ya kitanda. Upande wa ukutani ndio ulikuwa wangu.

Baba alikuwa amepiga magoti pale, anafukua kwa mikono na kuliita jina langu. Alijua tulikolala, alituona tukiondoka. Lakini mtu aliyepatwa na hofu ile hajui anachokijua. Hamadi alitupita mbio, akapiga magoti pembeni yake, naye akafukua, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyetupatia mablanketi usiku. Wakachimba hivyo, bega kwa bega, hadi Bibi aliposema nyuma yao:

"Mwamtafuta nani?"

Baba aligeuka. Aliponiona alikaa kwenye tope akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu analia.

"Udongo uko kwetu," Hamadi alisema. "Ungeniambia."

"Ungenipa?"

Hamadi aliinuka kwenye tope. Alikwenda kuchukua jembe lake.

Ukuta ule ulisimama tena kabla ya Ramadhani, kwa udongo wa nyuma ya Bi Mkasi na mikono ya watu wa bendera zote mbili. Nisidanganye nikasema siasa ziliisha. Zilirudi kila msimu wake, na Baba na Hamadi walibishana mpaka uzeeni. Ila walibishana wakiwa wamekaa juu ya mkeka mmoja.

Bibi alitangulia mbele ya haki nikiwa nimeshaolewa. Mwaka mmoja baadaye nilikwenda kumtazama Bi Mkasi, macho yameshafifia, vidole bado vinasuka. Nikamwambia namshukuru Mungu kwa paka yule. Akacheka mpaka akakohoa.

"Paka gani, mwanangu! Ntoto wa kwanza kaletwa na bibi'yo mwenyewe, ndani ya kanga, weye uko chuoni. Kaniambia, 'Mkasi, nfiche huyu, mamake atakuja na waliobaki.' Alikuwa akiuogopa ukuta ule, na baba'ko hasikii la ntu. Na alikuwa na hamu nami."

Miaka yote ile nilidhani nimeokolewa na ishara, kumbe niliokolewa na mwanamke mzee aliyejua kwamba mwanawe hatamsikiliza mama, ila hatathubutu kubishana na paka. Sikuhisi nimedanganywa. Nilihisi napendwa, tena upya, na mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mkeka ule ninao hapa nyumbani, zambarau imepauka. Paka wangu amezaa juzi, kapuni. Na jirani yangu wa ukuta wa pili hatujasalimiana tangu uchaguzi uliopita. Nilishasahau nani alianza. Adhuhuri imekaribia. Nimechagua yule mtoto mweusi, mpole kuliko wenzake, na kanga nimeshaitandaza.