Nabii Eliya na Oili ya Pikapu

Saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu ya Nabii Eliya ya mwezi wa Julai, pikapu kumi na moja zimejipanga nje ya gereji ya Garifalia Vrentzaki, kijijini Livadaki, ubavuni mwa mlima Psiloritis. Zinanuka kondoo. Wenye magari nao, tuseme tu kwamba wameamka mapema.

Garifalia, mwenye miaka hamsini na mitatu, yuko shimoni chini ya gari la kwanza. Analegeza nati, oili inamwagika kwenye karai, nyeusi tii.

"Hii ni oili au masizi ya tanuri?" anauliza kutoka chini.

"Imefanya kazi, fundi," anajibu mwenye gari.

"Hata punda wako anafanya kazi, mbona humnyweshi maji ya mwaka jana?"

Foleni nzima inacheka. Miaka minne iliyopita hapakuwa na foleni wala kicheko. Mumewe, Stratis, alipofariki, Garifalia aliachiwa spana alizokuwa akizishika pamoja naye kwa miaka kumi na tisa. Wachungaji walikuja kumpa pole na kumletea jibini, kisha magari wakayapeleka mjini, mwendo wa saa nzima.

"Jibini nililetewa mpaka nikalichukia," anasema. "Gari, hata moja."

Akajiwekea mwisho: Oktoba ikiisha bila wateja, anafunga gereji na kwenda kufagia hoteli za pwani.

Tena kulikuwa na suala la watakatifu. Wachungaji wa Livadaki huhesabu mwaka kwa sikukuu mbili. Kwa Mtakatifu Georgios, mwezi wa Aprili, kondoo hupandishwa mlimani; kwa Mtakatifu Dimitrios, mwezi wa Oktoba, huteremshwa. Ndivyo walivyofanya mababu, na pikapu zilipoingia, nazo zikabatizwa humo humo: oili ikawa inabadilishwa kwa Georgios na kwa Dimitrios, basi.

Muumini mkuu wa utaratibu huo alikuwa Manousos Kefalakis, mzee wa miaka sabini na moja. Juni ya mwaka ule alikuja kuziba pancha, kwa kuwa pancha haisubiri mjini. Garifalia akachomoa kijiti cha kupimia oili bila kuombwa.

"Mzee Manousos, oili hii imechoka. Ibadilishe kabla ya Eliya."

"Kitabu cha gari kinasema kilomita elfu kumi na tano. Watakatifu wamekubaliana na kitabu. Wewe nani?"

Hesabu yake haikuwa mbaya. Hupanda zizini kukamua mara mbili kwa siku, kilomita themanini na nane kwa jumla, na toka Aprili hadi Oktoba zinapita kidogo elfu kumi na sita.

"Aliyeandika kitabu alikuwa na lami," Garifalia akamwambia. "Wewe unapanda kwa gia ya kwanza, vumbi mpaka puani, mitungi ya maziwa mgongoni. Gawa kwa mbili."

"Nina watakatifu wawili tu, binti. Nikigawa kwa mbili nabaki na mmoja."

Agosti, injini ya Manousos ilinoki, ikafa njiani, lita mia na themanini za maziwa zikichachuka juani. Fundi wa mjini alikataa kupanda njia ile. Manousos akateremka kwa miguu mpaka kwa Garifalia, kofia mkononi.

"Haya, nigombeze. Nimekuja kusemwa."

"Sina nafasi ya kukusema. Jioni utapanda na nini kukamua?"

Akampa ufunguo wa pikapu ya Stratis, ambayo haikuwa imewashwa tangu mazishi. Kwa siku kumi na mbili mzee akapanda kukamua kwa gari la marehemu, huku Garifalia akimfungia injini iliyotoka kwenye gari lililogongwa.

Alichofanya Manousos baada ya hapo hakikuwahi kuonekana Livadaki, ambako mwanamume heri atoe beberu kuliko kukiri kosa. Kila jioni alikaa mkahawani akijisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyoua injini kwa ubishi. Oktoba ilipofika, zikaja pikapu kumi na tisa. Gereji haikufungwa.

Sasa Eliya ni mtakatifu wa tatu wa oili, katikati kabisa ya wale wawili. Garifalia hutoza yuro hamsini na tano, pamoja na filta na maneno.

"Watu wananishukuru mimi," anasema akijifuta mikono. "Mimi naishukuru injini iliyokufa. Na yule mzee aliyekubali kuchekwa."

Kanisa la Eliya liko kileleni. Mkesha wa sikukuu pikapu zote hupanda huko, kwenye wali wa mchuzi wa kondoo, naye Garifalia kila mwaka hubaki shimoni akimalizia gari la mwisho. Mwaka huu ameapa kufunga kesho saa sita mchana.

Manousos ndiye atakayempandisha. "Nimemwekea kiti cha mbele," anasema mzee. "Ila amenikataza kuongea njia nzima."

"Nataka kuisikiliza injini," anasema Garifalia, akirudi shimoni. "Padri nitamsikiliza nikifika."