Mashine Iliyosema "Niko"

Juma lililopita tulimzika, kwenye kilima cha upande wa Gashonga, mtu niliyemfahamu kwa miaka mingi bila kuwa rafiki yake wa karibu. Tulikutana Jumapili baada ya misa, tukabishana juu ya vitabu, tukaagana. Alikuwa mtunza kompyuta katika ofisi moja hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ambayo haina haja ya kutajwa. Alifia nyumbani kwake, peke yake, akiwa likizoni; daktari alisema ni moyo. Hayo yangetosha kwa tangazo la kifo. Lakini asubuhi ile ile maiti yake ilipopatikana, dada yake alikuwa amekwisha kupokea neno la kumwambia kwamba yupo, na tangu hapo mimi huitazama simu yangu kwa hofu.

Sina budi kueleza kazi yake, kwa maana msiba huu ulizaliwa humo. Seva, ile kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za ofisi nzima, huugua kama mwili: feni huchoka, joto hupanda, diski huharibika taratibu. Ya kwake ilikuwa na vifaa viwili vya kupokea umeme. Kimoja kikifa, cha pili hubeba mzigo, na mashine husimama nusu mfu bila mpita njia kujua. Ndiyo maana ilifungwa vihisi vinavyotuma tahadhari kwenye simu ya mtunzaji. Yeye hakuridhika na tahadhari peke yake. Aliiagiza itume kila asubuhi, hata ikiwa nzima, neno moja tu: Niko. Mkuu wake, aliyelipokea naye na kuchoshwa na mlio wa kila siku, alimwuliza kwa dhihaka kama mashine nayo inadai kuamkiwa. Marehemu, aliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alimjibu kwa Kiswahili cha huko: "Chef, mashine yenye kusema tu wakati inagonjwa, siku itakufa itasema na kinywa gani?" Jumapili moja neno lilipochelewa, aliacha chai yake mezani akakodi pikipiki hadi ofisini, akakuta panya wametafuna waya wa mtandao, basi. Tulimcheka, tukamwita muuguzi wa mabati. Hakujali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikiogopa kimya kama wengine wanavyoogopa radi.

Dada yake anaishi Bukavu. Kila asubuhi huvuka daraja la Rusizi na beseni la sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akauza katika soko la Kamembe, mwendo mfupi chini ya nyumba ya kaka yake. Tangu kaka huyo alipofiwa na mke, dada alikuwa na wasiwasi, akimlaumu kwamba hapigi simu. Ili kumtuliza, marehemu aliiingiza namba ya dada katika orodha ya wale wanaopelekewa ripoti na mashine, akamwambia tu kwamba tangu sasa atapata neno kila asubuhi kutoka namba ya kazini. Dada akalipata neno hilo, na kila mara akalijibu: Mungu akulinde, kaka.

Siku ile ya msiba jirani wa marehemu alimfuata sokoni. "Maman, tangu jana rido za madirisha ya kaka yako hazijafunguliwa."

"Ameniandikia sasa hivi. Iko muzima," akajibu, akaongeza kwamba mwenye congé, yaani likizo, ana haki ya kulala kama bwana harusi. Wakacheka wote wawili. Aliuza sambaza zake zote, ndipo akapanda nyumbani kwa kaka yake, akamkuta amekufa.

Nilikuwapo asubuhi ya maziko. Jeneza lilikuwa sebuleni, akina mama wakiimba wimbo wa kanisa, simu ya dada ilipolia. Akaisoma, akamwonyesha aliyekaa karibu naye, naye akamwonyesha mwingine, na wimbo ukakatika sauti moja baada ya nyingine. Niko. Bibi mmoja alitoka kinyumenyume, asithubutu kulipa jeneza mgongo. Ndipo mfanyakazi mwenza wa marehemu alipoinama na kusema, "Maman, ile si yeye. Ni mashine."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Dada akaligeukia jeneza. "Saa ile nilikuwa nauzisha," akauliza, "alikuwa angali anapumua?"

Daktari, alipoulizwa baadaye, alisema hawezi kujua.

Ninaloliogopa ni kwamba mashine haikusema uongo. Ilisema iko, nayo ilikuwako, feni zikizunguka na taa zikiwaka, wala haikuwahi kudai kuwa mtu. Sisi ndio tuliolipachika neno lake katika kinywa cha ndugu. Nasema sisi, kwa sababu kila asubuhi simu zetu hujaa sala na picha za maua zilizotumwa kwa ukoo mzima kwa mguso mmoja wa kidole, nasi tunaziita salamu. Wazee wetu wa vilima hivi walitazama moshi wa jikoni kwa jirani. Moshi usipopanda, walikwenda kubisha hodi. Moshi ule haukuweza kuwashwa na mtu asiyekuwapo. Marehemu alijua vema kuliko sisi kwamba kimya si afya. Alisahau, naye akatusahaulisha, kwamba sauti nayo si uhai.

Baada ya maziko yule mfanyakazi mwenza alimwuliza dada kama aifute namba yake katika orodha. Dada alimwambia afute. Sasa, kabla ya kutua beseni sokoni, hupanda kwanza kwa shangazi yake mzee anayeishi mtaa wa juu, ambaye ana simu nzuri na huijibu daima. Wateja humngoja, wengine hununa na kwenda kwa muuzaji mwingine. Na wangoje. Tahadhari ya mashine ni kwa ajili ya kutuamsha. Mlango wa ndugu hufunguliwa na mkono wa mtu, na afadhali tuufikie mapema na kuchekwa kuliko kuchelewa.