Maziwa ya Ng'ombe Aliyechomwa Sindano

Nesi alituuliza swali tukiwa kwenye benchi la kliniki, sisi wanawake tunaotumia dawa za VVU: ikija sindano ya kuchomwa mara moja kwa miezi miwili, badala ya vidonge vya kila siku, tutaikubali? Kabla hajamaliza tulishaitikia sote. Dawa yenyewe haikuwepo bado, walikuwa wanakusanya maoni tu. Mimi nilitoka pale na furaha ya mtu aliyekwisha kuchomwa.

Nimezaliwa kwa wakulima wa Mbulu, nikaolewa na mfugaji huku Dirma, kwenye boma lisilokosa watu. Hali yetu hapa bomani tunaijua wawili tu, mimi na mume wangu. Vidonge nilikuwa navificha kwenye mfuko wa maharage ya mbegu, maana mbegu haiguswi mpaka mvua. Mvua iliponyesha, mama mkwe akaufuata mfuko mwenyewe. Nilivyoruka siku ile, hata mbuzi walishangaa. Nikavisukumia vidonge kwenye nyasi za paa, na kwa siku mbili sikupata upenyo wa kuvichukua. Na hapo nina mtoto anayenyonya. Nesi alishatuambia wazi kwamba mama akimeza bila kuruka anamkinga mtoto, akirukaruka virusi vinaweza kupita kwenye maziwa. Siku zile mbili nilinyonyesha huku macho yangu yako kwenye paa.

Kwa hiyo jioni nilimweleza mume wangu habari za sindano. Alikuwa anaosha bomba la kuchomea ng'ombe, kwa kuwa mifugo yake anaitibu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na maziwa?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu kwamba ng'ombe akichomwa ile dawa ya kukaa mwilini siku nyingi, maziwa yake yanamwagwa mpaka dawa iishe. Sasa hii yenu inakaa miezi miwili, akasema, mtoto atanyonya nini?

Nilikasirika. Kufananishwa na ng'ombe hakukuniuma sana, huku ng'ombe ndiye anayeulizwa hali kwanza. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amefikiria jambo la maana ambalo mimi sikulifikiria.

"Mbona ndama mnamwacha anyonye?" nikamwambia.

Alifuta bomba, akalifunga kwenye kitambaa.

"Ndama akifa nachuna ngozi. Huyu nitamfanyaje?"

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hatujajua kama tuna virusi. Baba yake ndiye aliyembeba mpaka kaburini.

Kliniki iliyofuata nilimuuliza nesi kuhusu maziwa. Akasema kwa wanaonyonyesha itabidi aulize wakubwa wake, akataka kujua kama bado naitaka sindano. Nikasema hapana. Akacheka, akaniambia nisiogope, inauma kidogo tu. Nikaitikia kana kwamba ni maumivu niliyoyaogopa, maana wenzangu walikuwa wanasikiliza na sikutaka kuanza kueleza habari za ng'ombe.

Wiki hiyohiyo jirani alifiwa, na ndugu wa mume wangu waliokuja msibani wakalala kwetu. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Siku ya kwanza sikupata upenyo wa kumeza vidonge. Ya pili nayo sikumeza. Jioni mtoto akaanza kulia kwa njaa. Nilimtazama baba yake, naye akanitazama. Wageni wakasema, mpe mtoto ziwa, unangoja nini. Nikampa.