Vito Saba vya Evarista

Mwaka ule rubi zilipotoka ardhini kule Mpwapwa, watu waliacha msiba katikati wakakimbilia kuchimba. Kuku mmoja aliyemeza jiwe jekundu alinunuliwa kwa ng'ombe watatu, na waliomla wanaapa kwamba hata mchuzi ulimeremeta.

Evarista Mazengo hakwenda. Alikuwa mzaliwa wa Gulwe, binti mwembamba wa kichwa kigumu, ambaye utotoni alisimama relini akabishana na treni mpaka treni ikapiga honi ya kuomba njia. Sasa alipanga chumba Kizota, nyuma ya mafundi wa kuchomelea, yeye na kompyuta yake ya kukunja. Wakulima wa zabibu wa Makutupora walimpa kazi ya kutengeneza programu ya zamu, nani achume lini. Kila Agosti matrekta yalijipanga kwenye mizani, na zabibu zikageuka siki kabla hazijashushwa.

Evarista aliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rubi. Katika Rubi, mtu akishaandika kipande kizuri, cha kuhesabu tarehe au cha kuchapa karatasi, hukifunga kama kifurushi akawaachia wenzake wakitumie bure. Vifurushi hivyo wenyewe huviita vito. Hapo ndipo balaa lilipochungulia. Siku moja kwenye duka la intaneti alimwambia rafiki yake kwa simu, "Leo nimeshusha vito saba vya Rubi, wala sijatoa hata senti." Nyuma yake alikaa Athuman, mpima mizani wa chama cha wakulima hao, mtu ambaye ukimpa neno moja hulifikisha likiwa na wajukuu.

Kesho yake Evarista akaitwa kikaoni.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mwenyekiti, Mzee Bartolomayo, bila kumtazama. "Binti, weka vito mezani. Chama hiki hakifanyi magendo."

"Vimo humu, baba," akasema, akafungua kompyuta.

Mama Tereza, mjane mwenye ekari mbili, akasogeza kiti. "Mwanangu, nichomolee kimoja cha pete."

Evarista alipokwisha kueleza, watu walicheka mpaka bati likalegea misumari. Mzee Bartolomayo peke yake hakucheka. Alikwishafoka mbele za watu, na kuondoka mikono mitupu hakutaka.

"Kumbe hata kazi si yako," akasema. "Umeokota vya watu. Vitoe vyote uandike vya kwako, la sivyo kazi atapewa mwingine."

"Sivitoi."

"Unasemaje?"

"Sivitoi, baba. Mkasi wako wa kuchumia uliufua mwenyewe? Mimi nimeandika zamu za watu mia mbili na kumi. Hesabu ya tarehe kuna mtu kaifanya vizuri kunishinda, akasema chukueni. Nimechukua. Au niandike upya miezi sita, zabibu zikinisubiri?"

"Toa kimoja tu, tuone."

"Chagua mwenyewe."

Mzee akachagua cha tarehe. Evarista akakifuta wote wakiona, akaiwasha programu. Ikagoma, ikaandika kwamba inakitafuta kito hicho na haikioni. Zamu zote zikatoweka kwenye kioo, na ya Jumatatu asubuhi, ya kwanza kabisa, ilikuwa ya Mzee Bartolomayo. Zabibu zake zilikwishaiva hata nyuki wakawa wanarudi mzingani wakiyumba.

"Kirudishe," akasema mzee, sauti imepungua.

Evarista alikuwa nacho mfukoni, kwenye flashi. Akakunja mikono. "Nitakirudisha kikao kikikubali vito vibaki vyote saba. Na majina ya waliovitengeneza yachapwe chini ya orodha ya zamu."

"Majina ya watu tusiowajua?"

"Umesema nimeokota. Nataka kila mtu aone kwamba vina wenyewe, na wenyewe wameruhusu."

Mzee akatazama dirishani, upande wa shamba lake. Nyuki mmoja akaingia akagonga ukuta. "Andika," akamwambia katibu.

Jumatatu orodha ikabandikwa kwenye mizani, na aliyeshikishwa gundi ni Athuman. Mama Tereza akayafuata majina kwa kidole mpaka chini.

"Huyu wa mwisho, jina refu kama reli, ni wa kijiji gani?"

"Wa Japani, mama."

"Huko wanalima zabibu?"

"Sijui."

"Basi mwandikie, umwambie mimi nachuma Jumatano."